Maswali na majibu: Huo si ufa, mtoto anakua

Shule zimefungwa, wazazi wamepata nafasi, na sanduku langu limejaa miguu. Wengi wenu mmenitumia picha ya eksirei iliyoshikiliwa dirishani na kupigwa kwa simu, bila umri wa mtoto, bila kusema anaumwa wapi. Picha isiyo na mtoto siisomi. Nimechukua barua zenye mtoto ndani yake.

Mwanangu wa kiume ana miaka miwili na nusu. Aliteleza ngazini, akapigwa eksirei ya mguu. Hakuvunjika, ila nimeambiwa kuna mfupa mmoja haupo, unaitwa navikula. Ndiyo ulemavu huo? (Mama, Morogoro)

Upo, dada yangu. Bado ni gegedu, yaani mfupa laini ambao haujawa mgumu, na eksirei haionyeshi gegedu. Mtoto huzaliwa na mifupa miwili au mitatu tu ya nyuma ya wayo ikiwa imeshakuwa migumu: wa kisigino, ule unaoukalia, na mara nyingi mmoja wa upande wa nje. Iliyobaki hukomaa kwa zamu. Navikula, iliyo upande wa ndani pale kwenye kilele cha upinde, ndiyo huja mwisho, kati ya miaka 2 na 5, na wavulana huchelewa kuliko wasichana. Aliyekuambia haupo ameisoma picha ya mtoto kama ya mtu mzima. Usimrudishe mwakani "kuhakikisha". Kama hachechemei, mwache acheze.

Akija kuchechemea akiwa na miaka minne hadi saba, na ukibonyeza hapohapo anaruka, hapo mlete. Kuna hali iitwayo Köhler, kwa jina la daktari Mjerumani aliyeieleza mwaka 1908: mfupa huo hubanwa, ukawa mwembamba na mweupe kwenye picha. Hujirudi wenyewe. Plasta ya muda mfupi hupunguza siku za maumivu.

Kijana wangu wa miaka 12 aliumia mpirani. Eksirei imeonyesha mstari kwenye mfupa wa wayo, upande wa kidole kidogo. Zahanati moja imesema umevunjika, afungwe plasta wiki sita. Nyingine imesema ni kawaida. Nimwamini nani? (Baba, Mbagala)

Nikuulize wewe kwanza: kuna yeyote kati yao aliyembonyeza kwa kidole?

Kwenye kitako cha mfupa huo, yaani mwisho wake wa upande wa kisigino, kuna kipande kidogo kinachokomaa peke yake. Kwa wasichana huanza kuonekana karibu na miaka 10, kwa wavulana karibu na 12, yaani umri wa kijana wako kabisa, kisha baada ya miaka michache huungana na mfupa mkubwa. Kabla hakijaungana, kati yao kuna mstari mweusi. Mstari huo hufuata urefu wa mfupa. Ufa wa kuvunjika, mara nyingi, huukata mfupa kwa upana. Kama wako unakwenda sambamba na mfupa na kijana haumwi unapobonyezwa pale, mvalishe viatu aende zake. Akiumwa kidogo pale, huenda msuli unakivuta kipande hicho. Apumzike mpira wiki chache. Kama umekata kwa upana na pamevimba, aliyesema plasta yuko sahihi.

Niliwahi kuletewa mtoto mwenye plasta mguu wa kulia. Nikaomba wa kushoto, mzima, upigwe picha. Mstari uleule, mahali palepale. Baba yake akaniuliza kwa upole kama na huo nao tuufunge.

Wa miaka tisa, kisigino kinamuuma kila akitoka mpirani. Picha inaonyesha mfupa wa nyuma umekatika vipande. (Mama, Tanga)

Kisigino cha umri huo huonekana vipande vipande na cheupe kupita kiasi hata kwa mtoto asiyeumwa chochote. Maumivu ni ya kweli, lakini picha haiyaelezi: kano nene ya nyuma ya mguu inavuta sehemu ambayo haijakomaa. Apunguze kukimbia, awekewe soli laini, anyooshe misuli ya nyuma ya mguu asubuhi na jioni. Mfupa ukishaungana, yataisha. Na msimpeleke kwa mchuaji. Kisigino hiki tayari kinavutwa. Hakihitaji wa kukivuta zaidi.

Je, nimpe dawa ya maji ya kalsiamu ili mifupa ya miguu ikomae haraka? (Wasomaji wanne)

Hapana. Nimeshajibu mara tatu mwaka huu.

Binti wa miaka 11 ana nundu gumu upande wa ndani wa wayo, miguu yote. Viatu vya shule vinamchubua. (Shangazi, Arusha)

Huenda ni mfupa wa ziada kando ya navikula. Karibu mtu mmoja kati ya kumi anao, na wengi hufa bila kujua. Badilisha viatu. Binti wa umri huo hawezi kuvaa kiatu kilekile kigumu Januari hadi Desemba, nundu au bila nundu. Upasuaji ni wa wachache walioshindwa na yote hayo.

Mjukuu amezaliwa na kidole cha sita mguuni. Nataka kukifunga uzi kama tulivyofanya kwa baba yake. (Bibi, Lindi)

Shikamoo bibi. Naomba uzi huo uuweke. Cha baba yake huenda kilining'inia kwa ngozi tu. Cha mguuni mara nyingi kina mfupa, na ukikifunga utaacha kinundu chenye maumivu, au kidonda, na kidonda cha mtoto mchanga kinaweza kumletea pepopunda. Akikaribia mwaka mmoja, kabla ya viatu, kitaondolewa hospitali kwa usalama. Na kwa kuwa baba alikuwa nacho, jibu la majirani wanaosema mkosi unalo: ni cha ukoo.

Miaka 13, nyayo bapa tangu utotoni, sasa anateguka kifundo kila mara. (Baba, Mwanza)

Msimamishe kwa ncha za vidole. Upinde ukijitokeza, nyayo bapa si tatizo. Usipojitokeza, na wayo ni mgumu haupindiki ndani wala nje, basi hapa mimi mwenyewe nataka picha. Kuna watoto ambao mifupa miwili ya wayo haikuachana tumboni. Daraja la gegedu kati yake huanza kuwa mfupa miaka 8 hadi 16, kutegemea ni ipi, na ndipo maumivu huanza. Omba picha ya mshazari, na ya mguu wa pili pia, kwani karibu nusu yao wanalo pande zote mbili. Picha ya mbele na ubavu tu inaweza kulikosa.

Mtoto wa miezi kumi, nyayo na viganja vimevimba, analia akiguswa. Ni mifupa inakua? (Mama, Geita)

Hapana. Mifupa inayokua haivimbishi mikono na miguu kwa pamoja. Kwa umri huo, hii mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza ya selimundu, na akiwa na homa ni dharura. Damu yake ipimwe leo. Barua hii sikuisubirisha hadi siku ya kuchapwa. Nimekupigia mara mbili, simu haipokelewi.