Jibu: Mtoto wa miaka 2 hajakaa, nianzie wapi?

Pole dada. Umesema daktari ameandika mtindio wa ubongo (hitilafu ya ubongo inayofanya misuli isitawalike vizuri), mtoto hajakaa, na miguu inakaza na kupishana kama mkasi. Kwa hapo Dar anzia hospitali ya CCBRT, Msasani. Wana mazoezi ya viungo kwa watoto. Usingoje "atachangamka tu". Mimi wangu ana hali hiyohiyo, niliwasikiliza mashangazi nikapoteza mwaka mzima.

Ila kliniki ni mara mojamoja, kazi yenyewe iko nyumbani. Usimbebe miguu ikiwa imebanana. Mpakate kiunoni, mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, ili mapaja yatanuke. Na kumlisha akiwa amelala chali acha leo hii! Mkalishe wima, kidevu kiinamie chini kidogo, kijiko kije kwa mbele. Wangu alikuwa anapaliwa na uji kila asubuhi, tulipobadili mkao akapata nafuu. Kiti chake tulichongewa na fundi wa mtaani: mbao mbili za mgongo zimekutana kama kona ya ukuta, meza imekatwa nusu duara tumboni.

Bibi wa kumkanda kwa nguvu mshukuru, mtoto usimpe. Na mtaalamu akikuonyesha zoezi, lifanye wewe mbele yake kabla hujaondoka.