Bomba la kiti lenye springi linalia na kukwama: lifungue, usilipulizie mafuta

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina baiskeli ya mtumba ya Kiholanzi, naiendesha kila siku hapa Tanga, nusu ya njia lami, nusu vumbi. Bomba la kiti lina springi ndani. Zamani lilikuwa linashuka na kupanda vizuri. Sasa linalia nikikanyaga pedali, likishuka halirudi mpaka ninyanyuke, na pua ya kiti inacheza kushoto na kulia. Nimelipulizia mafuta mara tatu. Linanyamaza siku mbili, kisha linaanza tena. Nilisafisheje, na nipake nini?

JIBU: Ndugu msomaji, malalamiko yako ni matatu lakini sababu ni mbili, na inafaa tuzitenganishe kabla hujashika spana. Kulia na kukwama kunatokana na uchafu na ukavu. Hilo linakwisha kwa kusafisha na kupaka grisi. Kucheza kwa pua ya kiti kunatokana na vipande vya ndani vilivyolika, na hapo grisi haisaidii sana.

Mafuta ya kupuliza ndiyo yanayokurudisha nyuma. Ni mepesi mno. Yakiingia kwenye ukingo wa juu yanaosha grisi iliyobaki, yanaisukuma chini, kisha na yenyewe yanatiririka. Vumbi linanasa kwenye unyevu uliobaki, na kila ukikaa unasaga bomba la ndani (lile jembamba linaloshuka na kupanda ndani ya bomba la nje) kwa tope la mchanga. Ukilifuta kwa kidole chini ya ile raba ya kuzuia vumbi utaliona: jeusi, na ukilisugua kati ya vidole linakwaruza.

Kwanza hakikisha kelele inatoka ndani ya bomba kweli. Simamisha baiskeli, kandamiza kiti kwa mikono miwili bila kukanyaga pedali. Kikilia, ni bomba. Kikinyamaza na kinalia tu unapoendesha, chunguza klampu inayobana vyuma vya chini ya kiti: ifungue, ifute, paka grisi kidogo kwenye nyuzi za bolti, kaza upya. Watu wengi hufungua bomba zima kumbe tatizo lilikuwa klampu hiyo.

Sasa litoe. Zungushia utepe kwenye bomba pale linapoingia kwenye fremu ili urudishe kimo kilekile, legeza klampu ya fremu, vuta. Likiwa limeshika (na kwa hewa ya chumvi ya Tanga, bomba la alumini ndani ya fremu ya chuma hushika kweli), usilizungushe kwa kushika kiti. Kwa bomba la kawaida hiyo ni mbinu nzuri. Kwa hili, nguvu yote inapita kwenye vile vijiti vidogo vinavyozuia kiti kisizunguke, na vinakatika. Tia dawa ya kulegeza kutu kwenye maungio, acha usiku kucha, kisha shika bomba la nje lenyewe kwa spana ya bomba iliyofungiwa kitambaa kinene na ulizungushe huku na huku.

Likishatoka, lipindue. Chini kuna kizibo kipana chenye tundu la alenki, mara nyingi namba 6 au 8. Hiki ndicho kinachobana springi. Kifungue kinyume na mwendo wa saa huku ukihesabu mizunguko, na uandike idadi. Springi inasukuma, kwa hiyo elekeza mdomo wa bomba mbali na uso na malizia mizunguko ya mwisho ukiwa umekizuia kwa kidole gumba. Toa springi. Katika mabomba mengine utakuta vipande vya elastoma, ile raba ngumu, peke yake au katikati ya springi. Vipange mezani kwa mfuatano uleule vilivyotoka.

Rudi juu. Pandisha raba ya kuzuia vumbi, fungua nati pana iliyo mdomoni mwa bomba la nje. Nyingi hufunguka kwa mkono. Ikigoma tumia spana malaya yenye kitambaa, maana nati hizi ni za plastiki au alumini laini. Kama kuna bolti ndogo mwishoni mwa bomba la ndani, itoe nayo. Kabla ya kuvuta tandika kitambaa cheupe chini, kisha toa bomba la ndani polepole. Ubavuni mwake kuna mifereji ya urefu, na ndani yake vijiti vifupi vya plastiki au chuma, viwili hadi vinne. Vitadondoka. Kimoja kikipotea, kiti kitaanza kuzunguka.

Vijiti hivyo ndivyo jibu la kucheza kwa pua ya kiti. Viweke kwenye mifereji yake, jaribu kuvitikisa pembeni. Vikiwa bapa upande mmoja, au vikiyumba waziwazi, vimelika. Badilisha vyote kwa pamoja, kwa kipenyo na urefu uleule. Kama mifereji yenyewe imepanuka, vijiti vipya havitafaa. Bomba hilo umri wake umeisha. Ila usitarajie kiti kitulie kama mwamba, maana hata bomba jipya la aina hii hucheza kidogo sana kwenye pua.

Kusafisha hakuna ugumu. Springi, bomba la ndani na bomba la nje visugue kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, kisha osha kwa maji ya sabuni ili mafuta ya taa yasibaki. Ndani ya bomba la nje pitisha kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti mpaka kitoke cheupe. Elastoma, bushi za plastiki (vile vipete ambamo bomba la ndani huteleza) na raba ya vumbi vioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo tu. Mafuta ya taa na petroli huivimbisha raba na kuilainisha, na ukishairudisha ndani haifanyi kazi tena. Kausha kila kitu kabisa. Tone la maji lililobaki chini ya springi ndilo litakaloanzisha kutu.

Hapo tazama kwa makini. Kutu ya juu juu kwenye springi inatoka kwa stili wuli. Ikiwa imechimba mashimo, nunua springi nyingine. Elastoma ikandamize kwa kidole: nzima hurudi yenyewe, iliyokufa hubaki na alama au kumeguka. Bomba la ndani lipitishie ukucha. Mkwaruzo unaonasa ukucha ndio utakaokula bushi mpya ukiziweka.

Kuhusu grisi: springi ya chuma, nyuzi na bushi vinakubali grisi ya kawaida ya lithiamu, ile ya kopo inayouzwa kwenye maduka ya vipuri. Kama ndani kuna elastoma, tumia grisi ya silikoni, maana grisi nyingi za petroli huila raba taratibu. Kijiko kimoja cha chai kinatosha kazi nzima. Ipake springi utando mwembamba pande zote, hasa miisho yake inapogusa chuma. Kelele nyingi huzaliwa hapo. Jaza mifereji ya vijiti nusu, paka bomba la ndani na sehemu ya ndani ya bushi. Usishindilie. Grisi ikijaa chini ya bomba, hewa inakosa pa kwenda, na kiti kinakuwa kigumu kuliko kilivyokuwa kichafu.

Kurudisha, gandisha vijiti kwenye mifereji kwa ile grisi, telezesha bomba la ndani moja kwa moja bila kulipinda. Nati ya juu izungushe kwanza kinyume mpaka usikie nyuzi zinadondokea mahali pake kwa mlio mdogo, ndipo uikaze. Nyuzi za alumini zikipandana mara moja hazitengenezeki. Kaza kwa mkono, ongeza robo mzunguko, basi. Ukiikaza sana inabana bushi na kukwama kunarudi. Bonyeza kiti: kishuke na kupanda bila kusita.

Rudisha springi na kizibo kwa idadi ya mizunguko uliyoandika. Kizibo kisitokeze hata kidogo nje ya mdomo wa bomba. Kikitokeza, nyuzi zinazokishika ni chache na siku moja kitafyatuka. Kupima ubanaji, funga uzi kwenye bomba la ndani, usukume mpaka uguse nati, kaa taratibu miguu kwenye pedali huku mtu akiishika baiskeli, shuka, pima pengo kwa rula. Kwa bomba lenye mwendo wa milimita 50, pengo la milimita 10 hadi 15 ni zuri. Likizidi, kaza kizibo; likipungua, legeza. Ukifikia mwisho wa kukaza na bado unazama, springi ni laini kwa uzito wako na dawa yake ni springi ngumu zaidi. Kumbuka pia kupandisha kiti milimita hizo unazozama, la sivyo magoti yatakuwa yamekunjika kila wakati.

Kabla ya kulirudisha kwenye fremu, paka grisi nyembamba upande wa nje wa bomba (fremu ya kaboni isipakwe grisi; ina krimu yake maalumu) na usivuke mstari wa kikomo, ile alama kwenye bomba inayoonyesha lisivutwe juu zaidi ya hapo. Ikiwa itabidi ununue bomba jipya, soma namba ya kipenyo kwa milimita iliyogongwa karibu na mstari huo, kwa mfano 27.2. Usikubali 27.0 kwa maneno kwamba ni karibu sawa. Litateleza, na utakaza klampu mpaka fremu ipasuke.

Aina nyingine ya bomba, lenye mikono inayojikunja kwa nyuma kama SR Suntour NCX, halifunguliwi hivi. Pini zake usizigonge. Litoe kifuniko, safisha kwa mswaki mkavu, tia tone moja la mafuta kila kiungo na grisi pale springi inapokandamizwa, futa yaliyozidi.

Kwa njia yako ya vumbi na hewa ya bahari, fungua kila baada ya miezi mitatu hadi minne, na mara moja masika yakiisha. Ile raba ya kuzuia vumbi ikiwa imechanika, kata kipande cha tyubu kuukuu chenye urefu wa bomba la ndani likiwa juu pamoja na sentimita mbili, kivishe, ukifunge juu tu. Chini kiache wazi ili maji yatoke.