Jibu: Eti Mkwawa ni chuo cha juzi?

Mkuu, umeuliza kama Mkwawa pale Iringa ni chuo cha juzi. Kama chuo, ndiyo: kilianza 2005, kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikinoa walimu. Lakini majengo yana mambo! Enzi za mkoloni palikuwa shule ya watoto wa Kizungu, St. Michael's and St. George's. Baadaye ikawa sekondari ya Mkwawa. Ebu fikiria: jina la Mkwawa, mtwa (mtawala) wa Wahehe aliyewatandika Wajerumani Lugalo 1891, juu ya shule ya Wazungu! Hapo huwa nacheka peke yangu.