Maswali ya Wasomaji: Wakili wa Kununulia Nyumba Uingereza

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mume wangu tunanunua nyumba yetu ya kwanza hapa Leicester. Dalali anayeiuza anatusihi tumtumie wakili anayemfahamu, akisema kwamba bei yake ni nafuu na kazi itakwenda haraka. Je, tunalazimika kukubali?
Msomaji, Leicester

JIBU: Hamlazimiki, dada yangu, wala dalali haruhusiwi kuwabagua kwa sababu mmeikataa huduma aliyowapendekezea. Kumbukeni kwamba yeye hulipwa na muuzaji, na mara nyingi hupata pia kamisheni kutoka kwa ofisi ya wakili anayempelekea wateja. Kamisheni hiyo anatakiwa kuiweka wazi, basi mwulizeni kwa maandishi ni kiasi gani. Huenda wakili huyo ni mzuri, lakini ni vyema mkamlinganisha na wengine wawili au watatu kabla ya kuamua.

Tangu Desemba 2018, ofisi zinazosimamiwa na mamlaka ya mawakili ya England na Wales, yaani SRA, zinatakiwa kutangaza bei za kazi hii. Someni bei hizo hadi mwisho, kwa sababu ile ndogo iliyoandikwa juu kabisa huenda haijajumlisha VAT ya asilimia 20, gharama za kuulizia kumbukumbu za halmashauri, wala ada ya kusajili umiliki. Hakikisheni pia kwamba ofisi hiyo imo katika orodha ya mawakili wanaokubaliwa na benki inayowakopesha, la sivyo mtaweza kujikuta mkimlipia wakili wa pili kwa ajili ya benki. Kwa maoni yangu, swali lenye uzito kuliko la bei ni hili: nani hasa atalishika faili letu, na akienda likizo nani atapokea simu?

Jambo moja huwashangaza wengi: kwa kawaida wakili haendi kuiona nyumba. Anafanya kazi na karatasi. Kwa hiyo mkiona kwamba jiko limeongezwa kuelekea uani, au kwamba jirani hupitisha gari lake pembeni mwa nyumba, mwandikieni mara moja, ili adai kibali cha ujenzi au achunguze kama jirani ana haki ya kupita. Asipoambiwa, huenda asijue kamwe.

SWALI: Wakili wangu anadai taarifa za benki za miezi sita, na nimempa, lakini bado haridhiki. Sehemu ya malipo yangu ya awali ilitokana na upatu, na nyingine ameniahidi mjomba wangu aliyeko Muscat. Nahisi ananishuku kwa sababu ya asili yangu. Nimwache?
Msomaji, London

JIBU: Usimwache kwa sababu hiyo, ndugu yangu, kwani utakayemwendea atakuuliza yaleyale. Kanuni za mwaka 2017 za kuzuia utakatishaji wa fedha zinamtaka wakili ajiridhishe kuhusu chanzo cha fedha za mteja, na akipuuza ataadhibiwa yeye mwenyewe.

Ugumu wa upatu ni kwamba wakili anaona paundi elfu kadhaa zikiingia siku moja kutoka kwa mtu asiyemfahamu, ilhali michango yako midogo ya kila mwezi imetawanyika katika kurasa nyingi. Mwonyeshe uhusiano huo. Mwombe mshika fedha wa upatu akuandikie barua yenye kiwango cha mchango, mzunguko wa zamu na tarehe uliyopokea, kisha upige mstari chini ya kila mchango wako katika taarifa za benki. Ikiwa mlichangiana taslimu, sema hivyo tangu mwanzo, maana ni vigumu zaidi kuthibitisha na huenda fedha hizo zikakataliwa.

Kuhusu mjomba, wakili atataka kitambulisho chake, taarifa za benki zake, na barua inayosema kwamba anakupa zawadi, si mkopo, na kwamba hatadai sehemu ya nyumba. Kama kwa kweli unatakiwa kumrudishia, usiandike kwamba ni zawadi, kwa sababu benki inakukopesha kwa kuzingatia madeni yako yote, na kuidanganya ni kosa la jinai. Karatasi zilizo kwa Kiarabu zitahitaji tafsiri iliyothibitishwa.

Usikubali kubadilishana mikataba na muuzaji, yaani hatua inayowafunga nyote wawili kisheria, kabla fedha za mjomba hazijafika na kukubaliwa. Kabla ya hatua hiyo unaweza kujitoa bila kumlipa muuzaji fidia, lakini baada yake, ukishindwa kukamilisha ununuzi, unaweza kupoteza malipo ya awali, ambayo kwa kawaida ni asilimia 10 ya bei. Mwulize wakili mapema kama fedha zipitie kwenye akaunti yako kwanza, na namba ya akaunti ya ofisi yake uithibitishe kwa kupiga simu unayoijua tangu awali. Ikija barua pepe inayodai kwamba namba hiyo imebadilika, usitume hata senti.