Mkatili wa kweli si kinara, ni yule wa nne

Mleta mada, umesema unaandika riwaya ya sekondari, msichana mgeni anatengwa na kundi la mastaa wa shule, na waliosoma rasimu wanalalamika kwamba mastaa wenyewe hawana uhai, ni ubaya mtupu. Mimi nilihamia shule katikati ya mwaka, nikakaa pembeni mpaka namaliza, na hadithi za aina hii nazisoma kama mtu mwenye kesi yake. Kwa maoni yangu, umemtwisha kinara ukatili usio wake.

Kinara hana shida na mgeni. Wa kwetu sidhani hata kama alilijua jina langu. Alikuwa mpole wa uvivu tu, maana hakuna aliyekitaka kiti chake. Aliyenikalia kooni alikuwa kama wa nne kwenye lile kundi. Tukiwa wawili maabara, aliniazima daftari na kunielekeza hesabu za kemia bila haraka. Wenzake wakiingia tu, ananibatiza jina jipya. Baadaye nikagundua kitu: akishatoa utani wake, macho hayaji kwangu, yanakwenda kwa kinara kuona kama amecheka. Siku moja kinara hakucheka, alikuwa anachezea kalamu yake. Jamaa akaurudia utani uleule, kwa sauti kubwa zaidi. Hapo nikaona woga wake umeuzidi wangu. Mimi nilishakuwa chini, sina pa kuangukia.

Huyo ndiye wa kumpa kurasa. Mwandishi Mmarekani S. E. Hinton alilijua hili mapema. Riwaya yake The Outsiders ilitoka mwaka 1967 akiwa na miaka 18. Mle ndani Cherry, msichana wa upande wa wenye fedha, anakutana na Ponyboy, mvulana wa upande wa maskini, kwenye sinema ya wazi, wanaongea kwa moyo mweupe, kisha anamwambia kabisa kwamba wakipishana shuleni asipomsalimia, asilichukulie vibaya. Hapana ngumi wala tusi, na kwangu mimi panauma kuliko mapigano yote ya kitabu kile. Carrie, riwaya ya Stephen King (1974) kuhusu msichana anayeonewa shuleni, ni hivyohivyo. Watu wanakumbuka ndoo ya damu ya nguruwe, lakini aliyenishika mimi ni Sue Snell, aliyemzomea Carrie bafuni pamoja na wenzake, halafu dhamiri ikamsuta.

Jambo jingine: ngazi usizieleze. Ile aya yako ya "shule ilikuwa na makundi matatu" ifute. Onyesha nani anasubiriwa getini na nani anakimbia ili awafikie. Nani akianza sentensi anaachwa amalize. Nani ana ruhusa ya kumpa mwenzake jina la utani. Siku hizi kuna kundi la WhatsApp la watu sita, na pembeni lipo jingine la watano walewale. Wa sita akija kujua, hiyo ni sura nzima ya kitabu.

Na uamue shule yako inathamini nini. Mwanasosholojia James Coleman alichunguza shule kumi za Illinois, Marekani, akachapisha matokeo mwaka 1961: wavulana wengi zaidi walitaka kukumbukwa kama nyota wa michezo kuliko kama vichwa wa darasa. Kwako ni michezo, fedha, sura au nini? Nimesoma sura zote ulizoweka na sijajua mastaa wako walipandaje.

Halafu huyo msichana wako ana busara mno. Waliotengwa si malaika. Kwenye kona yetu alikuwepo bingwa wa dharau. Kwake kila anayependwa ni mjinga na kila wimbo maarufu ni takataka, ila ukimuuliza nani kaachana na nani, anakupa mpaka tarehe. Mpe msichana tamaa ya namna hiyo. Awachukie, na bado ajue jana walivaa nini.

Ile sura ya kuvuliwa miwani na kutengenezwa nywele ili ang'are kwenye dansi, ningeitupa. Inatuambia ngazi haikuwa na kasoro, kasoro ilikuwa yeye kusimama chini. Mwache aingie na miwani yake, halafu kamera yako imfuate yule wa nne: amsalimie au asimsalimie, na nani anamwangalia.