Roboti yetu inaanguka mlimani

SWALI: Shikamooni wataalamu. Tumeunda roboti ya miguu miwili. Ina kilo 4, wayo wa sentimita 12, na kila goti lina servo (mota inayogeuka hadi pembe inayoamriwa) ya kilo 20. Kwenye sakafu ya darasa inatembea vizuri, lakini ikipanda kilima chenye nyasi inaanguka chali na servo za magoti zinachemka. Tubadilishe programu?
Mwanafunzi, Tukuyu

JIBU: Marahaba. Programu iacheni kwanza, anzeni na vifundo vya miguu. Tuseme kitovu cha uzito kiko sentimita 35 juu na kifundo kiko katikati ya wayo. Uzito ukivuka kisigino, yaani sentimita 6 tu, roboti inapinduka. Kifundo kisipojirekebisha, hilo hutokea mteremko ukikaribia digrii 10, hata kabla haijapiga hatua, na vilima vya kwenu Rungwe vina miteremko mikali kuliko huo. Wekeni mota mbili kila kifundo, moja ya mbele na nyuma, nyingine ya pembeni, ili wayo ulale na ardhi na kiwiliwili kibaki wima.

Magoti yanachemka kwa sababu ya hesabu. Kilo 20 ni nguvu ya servo kwenye mkono wa sentimita 1, tena ikiwa imekwama kabisa. Kwa kazi ya mfululizo hesabuni nusu. Kupanda kunakunja goti. Uzito ukikaa sentimita 8 nyuma ya goti, mguu mmoja unadai 4 × 8, yaani kilo-sentimita 32, na nusu ya servo lazima ifikie hapo. Tafuteni servo ya 65 au zaidi.

Kwenye nyasi, inueni wayo sentimita 4 au 5. Fungeni swichi ndogo kwenye pembe nne za wayo, na mguu ushuke mpaka ziguse, si kwa kipimo cha kukariri. Kihisi cha mwinamo kikae kiunoni, kiwe na jairoskopu (kihisi cha kasi ya kugeuka), maana kihisi cha mchapuko peke yake hudanganywa na kishindo cha kila hatua.

Matope ni magumu zaidi: soli ya mpira wa tairi, hatua fupi, mguu utue wima. Hata wakubwa huyakwepa mazingira magumu. Katika shindano la roboti la 2015 la DARPA, shirika la utafiti wa kijeshi la Marekani, roboti kadhaa zilianguka, na DRC-HUBO ya Korea Kusini iliyoshinda ilikuwa ikipiga magoti na kutembelea magurudumu palipo tambarare.

Mkiijaribu, ifungeni kamba mabegani na mmoja wenu aishike kwa juu. Kamba ilegee, ikikaza itabeba uzito, na vihisi vya miguu vitasoma uongo.