Maswali ya Muziki: Uzito wa Black Sabbath Unatoka Wapi?

SWALI: Shikamoo mhariri. Kaka yangu anasema nikitaka kuuelewa muziki wa metali nianze na albamu ya kwanza ya Black Sabbath. Nimeisikiliza kwenye simu, naona inakwenda polepole mno na haina makali ya bendi za sasa. Watu wanaipendea nini? (Msomaji, Igoma)

JIBU: Marahaba. Kaka yako amekuelekeza vizuri, ila simu imekunyima nusu ya albamu. Uzi mnene wa gita la besi hutetema kama mara 41 kwa sekunde, na kispika cha simu hakiwezi kabisa kuitoa sauti hiyo. Maana yake Geezer Butler, mpiga besi wao, hukumsikia vizuri, na humu besi inatembea bega kwa bega na gita. Tafuta hedifoni zinazofunika masikio, vaa pande zote mbili, kisha rudia "N.I.B." uone besi inavyofungua wimbo peke yake.

Huo upolepole unaoulalamikia ndio wenyewe. Wimbo wa kwanza unaanza na mvua, radi na kengele. Mtu wa Mwanza aliyezoea mvua ya masika juu ya bati ataingia humo bila kuelekezwa. Halafu mpiga gita Tony Iommi anapiga noti tatu tu, na kila moja anaiacha ining'inie mpaka ichoke. Mpiga ngoma Bill Ward, ambaye mkono wake ulikuzwa na jazi, hakimbilii kuijaza ile nafasi kwa mdundo wa kawaida. Anaingia na ngoma nene pale gita linapopumua. Bendi nyingi za sasa zinapiga kwa kasi mpaka noti zinabanana, nawe unasikia ukali. Hapa noti zimeachiana nafasi, ndiyo maana unasikia uzito.

Albamu ilirekodiwa karibu yote kwa siku moja, 16 Oktoba 1969, studio ya Regent Sound jijini London, chini ya prodyuza Rodger Bain, vijana wanne wa Birmingham wakipiga pamoja kama wako jukwaani. Ilitoka 13 Februari 1970. Hakukuwa na muda wa kupaka rangi, nasi tunaona hiyo ni bahati yake kubwa.

SWALI: Napiga gita la solo kwenye kwaya hapa Kirumba. Nimejaribu zile noti tatu kwa pedali ya distoshen (ile ya kukwaruza sauti ya gita) iliyochomekwa kwenye mikisa ya kanisa, linatoka buzi kama nyuki. Nakosea wapi?

JIBU: Kwanza noti. Tyuni ni ile ya kawaida ya E. Anza na G, freti (kigawanyo cha shingo ya gita) ya 3 ya uzi mnene. Panda G ya juu, freti ya 5 ya uzi wa D. Shuka C#, freti ya 4 ya uzi wa A. Hii ya mwisho usiiache imekufa: kidole kimoja kibaki freti ya 4, kingine kigonge freti ya 5 na kuachia, harakaharaka. Kwa solfa za kwaya, ukiifanya G kuwa do, unaimba do, do ya juu, fe. Kutoka do mpaka fe ni toni tatu kamili. Sikio linasubiri so itulie, nayo inaguswa tu na kuachiwa, hofu yote ya wimbo imekaa hapo.

Sasa nyuki wako. Spika ya gita kwa kawaida haipitishi sauti nyembamba za juu sana, lakini spika za kanisa zinapitisha kila kitu, pamoja na mikwaruzo yote ya pedali. Punguza treble (sauti za juu) kwenye mikisa mpaka karibu na mwisho, ongeza kidogo sauti za kati, na distoshen isizidi nusu. Ukipata amplifaya ya gita, chomeka huko na usimamishe maikrofoni mbele ya spika yake. Hiyo ndiyo njia bora. Distoshen ikijaa, noti zote zinafanana na ile nafasi tuliyoieleza juu inazibwa na kelele.

SWALI: Nimesikia Iommi analegeza nyuzi. Nimelegeza zangu, zinagonga freti. (Sengerema)

JIBU: Kwa albamu ya kwanza usilegeze kitu. Kulegeza kwa nusu toni tatu, mpaka C#, kunasikika kwenye albamu yao Master of Reality ya 1971. Iommi anapiga kwa mkono wa kushoto, na akiwa na miaka 17 mashine ya kiwandani ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, ule unaobana nyuzi. Alijitengenezea vifuniko kwa plastiki ya chupa iliyoyeyushwa, akavivisha ngozi, na akatumia nyuzi nyembamba. Uzi uliolegea ulimpunguzia maumivu.

Ukishusha nusu toni tatu, mvuto wa uzi unapungua kwa karibu asilimia 29, ndiyo maana zinagonga. Kama unatumia seti ya nyuzi za unene wa 10 hadi 46, weka ya 12 hadi 54. Angalia pia mifereji ya kile kipande kinachoshika nyuzi juu ya shingo: uzi mnene ukikwama humo, tyuni haikai. Fundi atapanua kidogo kidogo, kwani akizidisha kina utaanza kugonga upya.

SWALI: Mama anasema ni muziki wa shetani, nisiupige nyumbani. (Nansio)

JIBU: Mama ana sababu ya kuuliza. "N.I.B." kweli inaimbwa kwa kinywa cha Lusifa aliyependa, na ndani ya jalada la albamu hiyo ya kwanza mlikuwa na msalaba uliopinduliwa, ingawa huo uliwekwa na kampuni ya rekodi, wala si wanamuziki. Lakini katika ule wimbo wa kwanza Ozzy Osbourne anaimba kama mtu aliyeingiwa na hofu, anamlilia Mungu amsaidie. Butler, mwandishi wa maneno mengi ya bendi, alilelewa Mkatoliki. Mpigie mama kwanza "After Forever" ya 1971, inayomtetea Mungu waziwazi, na umfasirie ubeti kwa ubeti.